Kaa Chini ya Ringi

Jumatatu, 4 Agosti

Wamefika. Wawili. Kocha Mkuu alisema analeta warefu wapya, nikadhani ni yale yale ya mwaka jana — mtu mrefu kwenye simu, ukikutana naye unamwona utosi. La! Safari hii ni warefu kweli. Mimi niliyecheza senta hadi goti likasema basi, mimi ninayeinama milangoni kwa mazoea, leo nimetazama juu. Shingo inaniuma mpaka sasa.

Wa kwanza ni mpana. Akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Wachezaji wamemwita Kabati kabla hajatua begi, naye akacheka, akawapiga mabega wote mmoja mmoja. Wa pili mwembamba, mkimya, muda wote macho yako juu. Nikamuuliza, unatazama nini huko? Akasema ubao mmoja wa dari umelegea, kocha, utakuja kumwangukia mtu. Kumbe alikuwa fundi wa dari. Alikuwa anapigilia mbao bila kupanda juu ya kitu! Kikapu ameanza juzi juzi tu.

Nafasi ni moja. Mwenyekiti wa klabu kasema mbele yetu sote: mrefu mpya mmoja, mwingine arudi alikotoka. Watatazamwa katika mechi tatu za kirafiki kabla ya msimu. Kocha Mkuu akasugua viganja. Eti tatu za nini, dada, mimi moja inanitosha, nyota njema huonekana asubuhi. Nikamwambia kutangulia si kufika. Akasema tukianza kujibizana kwa methali hatutafundisha leo.

Warefu ni wangu, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nitazame, nipime, kisha niseme jina.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa limeingia nyumbani kwangu, tena limeingia kwa kuinama.

Vitanda vya hosteli ya klabu ni vya binadamu wa kawaida. Kabati ameunganisha viwili, analala kwa raha zake. Huyu mwembamba miguu inatokea dirishani. Dirishani! Mlinzi anasema asubuhi alitundika kofia yake kwenye kidole gumba, akidhani ni msumari. Sasa katika klabu nzima nani ana kitanda kirefu? Mimi hapa. Kile cha usichana wangu, seremala alikitengeneza kwa kipimo changu, na kimekaa stoo tangu niolewe na mwanamume anayenifika begani.

Nikamwambia Mwenyekiti haifai, mimi ndiye mpimaji, nitampimaje mtu anayelala kwangu? Akasema wewe ni mtu wa haki, na ni majuma matatu tu. Sifa nyingine ni mtego, mtu anakusifu huku anakupakia mzigo.

Mume wangu ni fundi cherehani. Hajamwambia mgeni hata karibu, kashaivua tepu shingoni anampima mguu pale pale mlangoni. Alikuwa akinung'unika kwa furaha: kitambaa, kitambaa, kitambaa. Mama mkwe naye akatoka jikoni kulalamika balbu imeungua tangu mwezi uliopita na mwanawe hafiki. Kijana akanyoosha mkono, akaibadilisha. Bila kiti! Mama mkwe akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia. "Mwanangu, wewe ni ngazi!" Jina limeshika. Ngazi.

Mume wangu kasema ngazi zote alizowahi kumiliki hazikuwa zinakula sahani tatu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Kabati: nguvu, kelele, anadaka mpira kwa mkono mmoja. Ngazi: mpira unamgonga kifuani, anauomba msamaha. Lakini miguu! Mimi sitazami mikono siku za kwanza, natazama miguu. Miguu ya Ngazi inafika mapema mahali ambapo yeye mwenyewe hajajua kwamba anatakiwa. Nimemwambia Kocha Mkuu. Akaniuliza kama tunatafuta senta au mcheza dansi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mechi ya kwanza. Naandika huku nimejifunika khanga kichwani, kwa aibu.

Kabati aliwaka. Danki dakika ya kwanza, mpira kausindilia ringini kutoka juu, danki nyingine kabla mashabiki hawajakaa. Kocha Mkuu alikuwa ananitazama mimi badala ya mchezo, nyusi zinapanda na kushuka. Asubuhi, dada, unaiona asubuhi? Sawa, nimeiona.

Robo ya tatu tukamwingiza Ngazi. Kila mpinzani akishika mpira, Ngazi anamfuata mpaka mstari wa pointi tatu, anamfuata kama ana deni naye, huku nyuma ringi imebaki peke yake. Wamefunga mara moja. Mara mbili. Nikainuka, nikavuta pumzi kutoka kwenye soli za raba, nikapiga ukelele: "Kaa chini ya ringi!"

Sasa mashabiki wa wale wenzetu wanakuja na debe. Wanalipiga kwa rungu. Na debe likalia pale pale katikati ya maneno yangu. Kaa chini — BWAA!

Ngazi akageuka. Akanitazama kwa mshangao mkubwa. Unaona kabisa anajiuliza, huyu mama ana akili timamu? Lakini mtoto ana adabu. Akakaa chini. Sakafuni! Akakunja miguu, mikono magotini, akatulia katikati ya mechi.

Mchezaji wao alikuwa anakuja mbio na mpira, macho juu. Hakutegemea kukuta mtu ameketi. Akajikwaa, akaruka, akatua mapajani mwa Mwenyekiti. Refa akapuliza filimbi kwa nguvu, kisha akabaki nayo mdomoni. Hakujua anapuliza nini. Akamuuliza mwenzake, mwenzake akainua mabega. Mwishowe wakatoa mpira kwetu, kwa sababu hakuna kanuni inayomkataza mtu kuchoka.

Mwenyekiti alikuwa anapangusa suti na kupiga kelele kwamba kijana amegoma, amegoma uwanjani, mbele ya wageni!

Nyumbani Ngazi alisimama jikoni, kichwa kimeinama kwa sababu ya huzuni na kwa sababu ya dari. Akasema, "Shangazi, uliniambia nikae chini." Nikamwambia nilisema chini ya ringi! Akasema yeye ringi hakuisikia, alisikia debe. Mama mkwe akaweka mwiko chini. Kwa hiyo mtoto kaambiwa kaa, kakaa, na sasa ndiye mwenye kosa? Nyumba hii ina mambo. Akamwongezea chakula, mimi hakuniongezea.

Jumapili, 10 Agosti

Kocha Mkuu kapiga simu asubuhi. Jambo limekwisha, ni Kabati, wa pili mpe nauli. Nikapandwa na mori. Mechi moja! Ya kirafiki! Wapinzani wenyewe nusu yao walikuwa bado na vitambi vya likizo! Nikamjibu kwamba mume wangu hanunui jora zima kwa kuona upindo. Akacheka, akasema dada, unamtetea mpangaji wako.

Imeniuma hiyo. Imeniuma kwa sababu huenda ni kweli. Asubuhi hii Ngazi alikuwa anaosha vyombo, nami nimesimama mlangoni natazama mikono yake, na moyo wangu haukuwa wa mpimaji hata kidogo. Ulikuwa wa mama.

Tumekubaliana mechi zote tatu zitachezwa. Kwa shingo upande, lakini kakubali.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeweka sheria. Nimewapanga warefu wote ukutani, wapya na wakongwe, nikawaambia: kuanzia leo neno "kaa" lina maana moja. Kaa ni baki! Baki hapo ulipo, usitoke, hata nyumba ikiwaka! Nikitaka uweke makalio mahali, nitasema "keti". Rudieni!

Wakarudia kama watoto wa chekechea. Kaa ni baki! Keti ni keti! Kabati alicheka hadi akakaa — samahani, akaketi. Ngazi hakucheka. Alikuwa anasogeza midomo, anakariri.

Kocha Mkuu alipita na kikombe chake cha chai. Yeye hafundishi sarufi, kasema, anafundisha kikapu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mechi ya pili. Jamani! Jamani jamani!

Kabati kaanza kwa moto tena. Danki, shangwe, nyusi za Kocha. Lakini wapinzani wa leo wana kocha mzee anayetafuna kijiti na kutazama. Mwisho wa robo ya kwanza akawaambia vijana wake neno moja, na robo ya pili nikajua ni neno gani. Kabati hugeukia kulia tu. Kila mara! Akipata mpira ameipa ringi mgongo, kulia. Wakamziba kulia. Akajaribu tena kulia. Kabati letu ni la mlango mmoja. Na ilipofika robo ya tatu alikuwa anahema, ameshika magoti. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nikasema. Nilisema polepole, lakini Kocha Mkuu ana masikio.

Sasa yaliyotokea benchi. Ngazi hajaingia bado. Mwenzake akafunga, Ngazi akasimama kwa furaha. Kocha Mkuu bila hata kugeuka: "Kaa!"

Ngazi akabaki amesimama.

"Kaa wewe!"

Ngazi akajikaza zaidi, mikono ubavuni, kama askari wa gwaride. Nyuma yake alikuwa nani? Mwenyekiti! Mwenyekiti akainama kushoto, akainama kulia, akasimama juu ya kiti, wapi! Kaitazama robo nzima kwenye mgongo wa jezi. Kocha akapiga kelele kaa, kaa, kaa wewe kijana, na kila kaa moja Ngazi anazidi kuota mizizi. Jasho linamtoka. Alikuwa anateseka, masikini, lakini kaambiwa abaki. Mimi nilikuwa upande wa pili na mchezaji aliyeteguka kidole, nikaja mbio. "Keti!" Akaketi papo hapo.

Kocha Mkuu akanigeukia. Amefanya nini huyu? Nikamjibu, "Sarufi."

Alipoingia alipata faulo nne kwa muda mfupi, sitaki kumsifia uongo. Lakini kuna kitu nimekiona na hakuna mwingine aliyekiona, kwa sababu wote walitazama mpira. Skrini zake! Anakwenda, anasimama mbele ya mlinzi wa watu, anakuwa ukuta, na mfungaji wetu anapita mzima mzima. Nilimwambia akae, anakaa. Hasukumiki. Mfungaji wetu mwenyewe aliniambia tulipopumzika kunywa maji: leo nilikuwa na nafasi, kocha, ningeweza kunywa chai nikarudisha kikombe ndipo nikarusha.

Nikamwambia Kocha Mkuu hayo. Akasema yeye aliona faulo nne.

Jumatatu, 18 Agosti

Kocha Mkuu kasalimu amri! Alichukua sheria yangu akaifanya yake, kama kawaida ya wakubwa. Kaa ni kaa, keti ni keti, kwa timu nzima, na atakayechanganya anapiga pushapu kumi. Alitangaza kwa sauti nzito sana. Kisha akafungua ubao wa kuchorea, akatugeukia, akasema, "Haya, kaeni."

Timu nzima ikabaki imesimama.

Kabati ndiye aliyeanza kucheka. Kocha Mkuu akakumbuka. Akavua saa, akampa Ngazi amshikie, akashuka sakafuni. Kumi! Tumbo lilikuwa linafika chini kabla ya kidevu. Mwenyekiti aliingia kwenye ya saba, akauliza nini tena, na alipoelezwa akahesabu zilizobaki kwa sauti, pole pole makusudi.

Jumatano, 20 Agosti

Habari kubwa! Mume wangu kaniita chumbani kwake cha kushonea, uso umemparara. Bukta ya Ngazi, ile aliyoishona yeye mwenyewe, iliyofika magotini, sasa imepanda. Imepanda mno! Kampima mwenye bukta? Hapana, Ngazi alikuwa ametumwa dukani. Lakini bukta haisemi uongo, kasema. Mtoto bado anakua!

Sikungoja chai. Nilikwenda ofisini karibu mbio, goti na yote. Kocha, bado anakua! Utamhukumuje mtu ambaye hata hajaisha kutengenezwa? Kocha Mkuu akaweka kikombe chini. Macho yalimng'aa. Akamwita Mwenyekiti, Mwenyekiti akauliza atafika wapi, nikasema Mungu ndiye ajuaye. Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu kijana aje, nimewaona wanawaza.

Nimelala na furaha. Yaani nitalala nayo, bado ni jioni.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama mkwe alizichemsha.

Bukta zote. Sufuria kubwa, maji yanatokota, sabuni ya mche. Eti zilikuwa zinanuka jasho la nafasi moja watu wawili, maneno yake. Kaniambia mwenyewe asubuhi, anajisifu jinsi zilivyotakata. Mume wangu akaitazama tepu yake kama imemsaliti. Tukamsimamisha Ngazi kwenye fremu ya mlango: kimo kile kile, hajaongeza hata ukucha.

Nikae kimya? Niliwaza. Nilikunywa chai nikawaza, nikavaa raba nikawaza. Nikikaa kimya, kijana labda anapata nafasi kwa sababu ya sufuria. Na siku watakapompima? Na mimi nitawatazamaje watu, niliyeitwa mtu wa haki?

Nikaenda nikasema. Kocha Mkuu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Amekua kwa maji ya moto! Akarudia mara tatu. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo palipouma. Kasema dada, nakuheshimu, lakini kuanzia leo kila utakalosema juu ya kijana huyu nitasikia sufuria linatokota. Jumatatu tukikutana kuamua, utangoja nje. Wewe si mpimaji tena, wewe ni mzazi.

Nilitaka kumwambia kuhusu mikono pia — Ngazi kaosha vikombe vya mama mkwe tangu aje, vile vyembamba ambavyo hata mimi siruhusiwi kuvigusa, na hajavunja hata kimoja. Senta wa mikono laini hupatikana mmoja kwa mia. Lakini ningemwambiaje? Ushahidi wangu mwingine, Kocha, uko kwenye beseni la vyombo?

Nimeharibu mwenyewe. Mdomo uliponza kichwa.

Jumamosi, 23 Agosti

Mechi ya tatu. Kuishi kwingi ni kuona mengi: mechi ya kikapu imekwisha sare!

Kabati alicheza vizuri, haki yake nimpe. Wiki nzima nimemfundisha kugeukia kushoto. Ni wangu pia huyu, na leo aligeuka mara moja, akafunga, akaja kunikumbatia hadi mbavu zikalia. Lakini dakika za mwisho pumzi zikamtoka. Akainua mkono mwenyewe kuomba kutoka. Kocha Mkuu akatazama benchi lote, akamruka Ngazi kwa macho, akarudi kwake. Wakongwe wameshatolewa kwa faulo, hakuna mrefu mwingine, akamwingiza.

Tulikuwa mbele kwa pointi moja. Mpira wao. Mshambuliaji wao mjanja, anajifanya kurusha, walinzi wote wanaruka hewani, kisha ndiyo anapita chini yao. Kawafanyia wetu hivyo jioni nzima. Debe linalia, maana mashabiki wale wa debe walikuja pia, sijui nani kawaalika. Mimi nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Niliapa sitasema neno.

Aliyesema ni Kocha Mkuu. "Kaa, Ngazi! Kaaa!"

Mjanja akajifanya kurusha. Ngazi akakaa. Mjanja akadanganya tena, mabega, kichwa, macho, kila kitu. Ngazi yuko pale pale, nyayo zimeganda, mikono juu. Mjanja hakuwahi kukutana na mtu asiyedanganyika. Akarusha kwa kukata tamaa, Ngazi akaugusa tu kwa ncha za vidole, laini, akaudaka unaposhuka kama kikombe cha mama mkwe. Nilipiga kelele ambazo sijazipiga tangu nijifungue.

Wakamchezea faulo. Mitupo miwili huru, afunge twende nyumbani. Wa kwanza haukugusa ringi, wala ubao, wala wavu. Ulimgusa muuza karanga. Wa pili ukagonga mbele, nyuma, ukatoka. Ala! Wao wakachezewa faulo upande wa pili, wakafunga mtupo mmoja wakakosa mmoja. Sare. Mchezo wa ziada? Refa akatazama saa, kasema ana mechi nyingine mahali, hii ni ya kirafiki tu, salimianeni.

Kwa hiyo tumejua nini? Nyota gani, asubuhi gani? Kocha Mkuu alisimama muda mrefu anatazama sakafu pale chini ya ringi. Sikumuuliza anawaza nini. Mzazi haulizi.

Jumapili, 24 Agosti

Ngazi kazunguka tangu asubuhi anarekebisha vitu. Bawaba ya kabati la nguo. Pazia. Dari la stoo. Kisha akaomba ufunguo wa ukumbi, akaenda kupigilia ule ubao uliolegea, aliouona siku ya kwanza. Mtu anayerekebisha hivyo anaaga.

Akirudi kwenye dari atakuwa fundi mzuri, najua, na hatalala njaa. Lakini sitaki. Nasema hapa ambapo hakuna anayesoma: sitaki aondoke. Na ningemtaka kwenye timu hata angekuwa amelala kwa watu wengine. Nimejihoji mara elfu, jibu ni hilo hilo. Nimejifungia bafuni nikalia kidogo, nikafungua bomba wasisikie.

Alipotaka kufunga begi lake, mama mkwe kaketi juu ya begi. Anakunjua uzi na sindano, anafuma, hasogei. Mume wangu kashona bukta mpya, akaacha upindo mrefu ndani. Nikamuuliza wa nini, mtu si hakui? Akasema huwezi kujua.

Jumatatu, 25 Agosti

Kwenye korido, nje ya ofisi. Naandika juu ya goti.

Wako ndani, Kocha Mkuu na Mwenyekiti. Mimi nje na watoto wangu wawili kwenye benchi la mbao linalolia kila Kabati akipumua. Wote wamekuja na mabegi, maana mmoja anaondoka leo. Begi la Ngazi limekunjamana pale mama mkwe alipolikalia. Kabati ananigawia karanga. Hajui anawaza nini, anasema, tumbo linauma lakini linataka kula. Ngazi anatazama dari. Nikamuuliza, limelegea? Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo.

Sauti ndani zinapanda, zinashuka. Nimesikia "faulo". Nimesikia "muuza karanga". Nimesikia Kocha Mkuu akisema "hapana, hapana, ulimwona alivyo—" kisha gari likapiga honi nje! Nililaani gari hilo na ukoo wake wote.

Nyayo zinakuja mlangoni.

Kitasa kinazunguka. Ni Kocha Mkuu, kafungua mlango nusu. Ngazi kasimama kwa heshima, kichwa kinagusa taa. Kocha kamtazama, kamtazama kwa muda. Kanitazama mimi. Kisha akamtazama tena, na kasema neno moja tu.

"Kaa."

Akafunga mlango.

Mungu wangu, kaa ipi? Kaa ya sheria, yaani baki nasi, au kaa ya kila mtu, keti ungoje? Kocha Mkuu ni mtu wa kusahau, hadi Jumamosi asubuhi alikuwa bado anapigishwa pushapu! Lakini juzi uwanjani hakusahau. Juzi aliitamka vile vile, kwa sauti ile ile, au nasikia ninachotaka kusikia? Na huo mshindo ndani ni wa nini? Kuna mtu amejitupa sakafuni, na Mwenyekiti anasema kitu pole pole — anahesabu, au anasoma jina? Nimeinamisha sikio, benchi linalia, sisikii. Kabati acha kupumua!

Naandika bila kutazama karatasi, mwandiko gani huu.

Kabati kamvuta Ngazi shati, anamnong'oneza. Wewe, si umeambiwa ukae? Sasa mbona umesimama?

Ngazi hajageuka. Macho yako mlangoni, nyayo zimeganda, kama Jumamosi.

"Nimekaa," kasema.